Mtogwa wa Kufunga Shule

Mwalimu Dorosela alikuwa na ugonjwa mmoja ambao walimu wenzake waliujua na kuuvumilia: hakukubali kuambiwa kwamba kuna mtoto asiyefundishika. Ukimwambia fulani ni mzito, alikukazia macho mpaka ukajisikia mzito wewe. Alizaliwa Kifanya, binti wa mkulima wa viazi aliyekuwa pia mzee wa kanisa. Akasomea ualimu wa kawaida, akafundisha shule ya kawaida yenye watoto wengi kuliko madawati, akachapa fimbo kama wenzake walivyochapa. Shule ya mfumo wa Steiner, wa kufundisha kwa sanaa na kazi za mikono, ilipofunguliwa pembezoni mwa Mjimwema, mjini Njombe, alikwenda kuomba kazi kwa udadisi tu, na hakurudi tena alikotoka.

Watu wa mjini waliiita Shule ya Kufuma. Hawakukosea sana. Watoto wa kike na wa kiume walifuma soksi na kofia za sufu, jambo ambalo kwa baridi ya Njombe halina ubaya wowote. Walipaka rangi za maji kwenye karatasi iliyoloweshwa, wakafinyanga nta ya nyuki, wakapuliza filimbi, wakasema mashairi kwa pamoja huku wakipiga miguu chini. Kusoma na hesabu walijifunza, ila kwa njia ya kuzunguka, hadithi kwanza na kanuni baadaye. Mwalimu alilipokea darasa likiwa la kwanza akapanda nalo mwaka hadi mwaka mpaka la saba. Na darasa la tatu, kwa utaratibu wao, ndilo la mikono na udongo. Mwaka huo watoto hulima, hujenga, na hushika kazi za watu wa mahali wanapoishi. Wazazi waliopeleka watoto kule walikuwa wa aina mbili: waliousoma utaratibu huo wakaupenda, na waliokwisha kujaribu kwingine kote wakachoka.

Halfan alikuwa wa aina ya pili. Alikuwa msafirishaji wa Makambako, mtu aliyeondoka Kondoa akiwa utingo na sasa alikuwa na malori yake mwenyewe ya kupeleka viazi na mbao Dar es Salaam. Binti yake Safina alikuwa na kigugumizi, na si kile cha kuchekesha watu barazani. Neno lilimkwama kooni, mishipa ya shingo ikasimama, macho yakamtoka, na mwisho wa yote hakikusemwa kitu. Shule aliyoanzia pale Makambako walidhani ni kiburi, wakamtendea kama mwenye kiburi. Alipoanza kukojoa kitandani kila usiku wa kuamkia Jumatatu, baba yake akamchukua akampeleka Njombe kwa shangazi yake Rukaya, aliyekuwa akiishi Mjimwema, na kumwandikisha Shule ya Kufuma. Wakati huo alikuwa wa darasa la pili, na darasa la pili lilikuwa la Dorosela.

Basi ugonjwa wa Dorosela ukapata chakula. Alimchunguza yule mtoto kila kukicha. Akagundua kwamba akisema shairi pamoja na wenzake, Safina hakukwama hata mara moja. Baadaye akagundua jambo jingine. Walikuwa na mchezo wa kurushiana kifuko cha maharage huku kila mmoja akisema neno moja. Siku moja Safina alikidaka kifuko na neno likamtoka, peke yake, safi kabisa, kama vile lilikuwa limefungwa kwenye mkono na si kwenye ulimi. Mchana ule Dorosela alikula chakula cha watu wawili kwa furaha. Tangu hapo akawa anampa Safina vitu mkononi kwanza, chaki, yai, jiwe la mtoni, na neno lilikuja likifuata. Likikawia, lilikuja hata hivyo.

Ila baba yake hakuwapo kuyaona hayo, na Makambako hakukosekani midomo. Walimwambia mtoto wako anafuma soksi huku wenzake wanakariri masomo, na darasa la nne kuna mtihani wa taifa, nao hauulizi soksi. Mwezi wa nne wa mwaka uliofuata, darasa likiwa la tatu, Halfan alifika Njombe, akaketi na Dorosela chini ya varanda ya darasa, Safina mwenyewe akiwa pembeni yake. Alizungumza kwa upole. Alisema amepata shule ya bweni huko Iringa inayosifiwa, na hataki kumhamisha mtoto kama kweli ananufaika. Siku ya kufunga shule angekuja mwenyewe kutazama.

“Akisimama mbele ya watu akasema peke yake, hata sentensi moja, namwacha hapa mpaka la saba,” alisema. “Asiposema, mwalimu, usinilaumu.”

Dorosela akamwambia awe na amani. Alimtazama Safina, na Safina alikuwa amemwinamia baba yake akimsikiliza kila neno. Kwa hiyo mtoto naye aliyajua masharti tangu siku ile. Na mwalimu, ambaye kumpoteza mtoto yule kungekuwa kama kukatwa kidole, hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Hilo ndilo lililomponza kwanza.

Kazi ya mikono ya muhula ule ilikuwa mianzi. Bondeni chini ya shule kulikuwa na mianzi ya Amon, mgema aliyekuwa jirani yao wa karibu kuliko wote, mtu mfupi wa maneno, ambaye hakujali watoto wakimzunguka mradi hawakanyagi machipukizi. Asubuhi watoto walishuka bondeni na majaketi yao. Walimtazama akikata ncha ya mwanzi mchanga kwa kisu chembamba, akining’iniza kibuyu chake cha mwanzi kinachoitwa mbeta, na utomvu ukaanza kudondoka tone kwa tone. Jioni alirudi akakata tena. Darasani Dorosela aliwasimulia hadithi aliyoitunga mwenyewe ya mwanzi uliomlea mtoto aliyepotea, wakaichora, wakaipaka rangi ya kijani. Hesabu zao za muhula ule zote zilikuwa za kupima mianzi. Walitengeneza mbeta zao, zikavuja, wakatengeneza nyingine. Wakajenga kibanda ambacho mvua ya mwezi wa tano ilikisukuma kikalala upande, wakakisimamisha.

Na walikunywa mtogwa. Hapa lazima nieleze, maana mtu wa mbali hatanielewa. Utomvu wa mwanzi uliodondoka usiku, ukinywewa asubuhi, ni mtamu kama maji ya miwa, na Wabena, wenyeji wa Njombe kama Dorosela, huuita mtogwa. Ukikaa mpaka jioni unaanza kuuma ulimi. Ukilala, ni ulanzi kamili, pombe ya kukufanya umsahau mwenye nyumba wako. Dorosela alikua akinywa mtogwa asubuhi na viazi vya kuchemsha kabla ya kwenda shule, yeye, ndugu zake, na watoto wa mchungaji. Baba yake mzee wa kanisa, aliyechukia pombe mpaka akakataa kukaa kwenye harusi zenye pombe, alikuwa akiwamiminia kwa mkono wake. Kwao hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtogwa na ulanzi ni kitu kimoja kwa saa mbalimbali.

Si kwamba alikuwa hajali dini ya mtoto. Alikuwa amefika kwa Rukaya mara nyingi, akanywa chai yake, akaondoka mapema akisikia adhana. Siku darasa lilipokwenda shambani kwa wazazi fulani wanaofuga nguruwe, yeye ndiye aliyemfungia Safina chakula chake peke yake, akaulizia mafuta yaliyokaangiwa maandazi, akaosha hata kisu. Mambo yote ambayo alijua kwamba ni ya kuangalia, aliyaangalia.

Tena mtoto mwenyewe aliuliza. Ilikuwa siku ya kwanza ya kuonja, wamesimama bondeni na ukungu haujaondoka. Amon alimkabidhi Safina kikombe, naye akakishika kwa mikono miwili, na kwa kuwa kilikuwa mkononi, swali likatoka mbele ya darasa zima.

“Mwalimu, hii ni po-pombe?”

Lilikuwa swali la kwanza Safina kuuliza mbele ya wenzake tangu afike shule ile. Dorosela alijaa furaha mpaka machozi yakamlenga, na kwa furaha ile alilisikia lile la kuuliza, hakulisikia swali lenyewe. Alimwambia hapana, mwanangu, haya ni maji ya mwanzi. Safina akanywa, akalamba mdomo, akaomba tena.

Siku ya kufunga shule ikapangwa hivi. Darasa la tatu lingecheza mchezo wa mianzi: wengine mvua, wengine upepo, wengine machipukizi, Remmy akiwa mgema kwa kuwa alikuwa na sauti ya kiutu uzima na kofia ya babu yake. Mwisho wa mchezo kila mtoto angempelekea mzazi wake kikombe cha mtogwa. Mzazi angekunywa, angemrudishia mtoto kikombe kitupu, na mtoto akikipokea angesema peke yake ubeti aliotungiwa na mwalimu. Mnaona alivyolipanga. Kila mtu angedhani ni mapambo ya mchezo, kumbe vikombe vyote vile vilikuwa kwa ajili ya mikono ya mtoto mmoja. Katika mazoezi Dorosela ndiye aliyekuwa mzazi. Alikunywa, akarudisha kikombe, na Safina akakipokea akasema bila kukwama:

“Nimekata ncha alfajiri, nimengoja tone kwa tone. Neno langu nalo limekuja hivyo hivyo, Baba, lipokee.”

Alimpanga awe wa mwisho. Alitaka Halfan awasikie wengine wote kwanza, halafu ndipo asikie la kwake.

Amon alileta mtogwa kulipopambazuka, ndoo mbili zilizofunikwa kwa kitambaa cheupe, zikawekwa kivulini nje ya ukumbi. Ulikuwa mwisho wa msimu, mtogwa mchache na mtamu sana. Wazazi wakaanza kufika, salamu za kamwene nyingi na kushikana mikono, akina mama wamejifunga mablanketi juu ya vitenge. Halfan alifika akiwa na kanzu na koti zito juu yake, Rukaya akiwa pamoja naye, wakapewa viti vya mbele. Mkewe Hajira alikuwa amebaki Makambako na mtoto mchanga. Michoro ilikuwa imebandikwa ukuta mzima, na Halfan alisimama mbele ya ule wa Safina muda mrefu, mikono nyuma. Dorosela alimwona akitabasamu.

Kilichobaki ni kuanza, na shughuli haikuanza. Mgeni rasmi, mwenyekiti wa bodi ya shule, alikuwa msibani, na msiba una saa zake. Mwalimu Jane, mkuu wa shule, alikuwa mtu mwema lakini wa itifaki, na kwake hakuna shughuli inayoanza kiti cha mgeni rasmi kikiwa kitupu. Dorosela alimwomba darasa la tatu litangulie. Akakataliwa. Akaomba tena baada ya muda, akaambiwa mgeni amekwisha kupigiwa simu, yuko njiani. Nanyi mnajua njiani ya mgeni rasmi ilivyo ndefu. Jua la Njombe lilitoka siku ile kama lililoalikwa. Kivuli kilichofunika zile ndoo kikahama, na watu wote walikuwa wamechoka kiasi kwamba hakuna aliyezikumbuka.

Mwenyekiti alipofika, mchana ulikuwa umekwisha kuinama. Dorosela alifunua kitambaa akakuta povu jembamba limekaa juu. Alichota kidogo akaonja. Ulikuwa bado mtamu, ila ulishaanza kuuma ulimi kidogo, na mawazo yake wakati ule yalikuwa kwamba wazazi wataufurahia zaidi. Aliyawaza hayo na kuyamaliza, akashika filimbi yake akaenda kusimama nyuma ya wazazi wote. Mwalimu wa kule akishawaachia watoto mchezo wao haingilii tena.

Mchezo ulikuwa mzuri. Mvua ilinyesha, machipukizi yakainuka, Remmy akakata ncha kwa kisu cha mti na kujisifu mpaka watu wakacheka. Kisha vikombe vikaanza kupelekwa. Baba yake Remmy alikunywa, akafuta mdomo, akatania kwamba shule hii ndiyo aliyoitaka yeye utotoni. Kicheko kikubwa. Mzazi mmoja baada ya mwingine alikunywa, akarudisha kikombe, mtoto akasema lake, wakapiga makofi. Dorosela nyuma kule alikuwa akihesabu waliobaki mbele ya Safina kama mtu anayengoja jina lake kuitwa hospitali.

Safina akaja. Alitembea taratibu asimwage, akapiga goti kidogo alivyofundishwa na shangazi yake, akampa baba yake kikombe. Halfan alikipokea kwa mikono yote miwili. Alikuwa na furaha, kila mtu aliiona. Alisema Bismillahi kwa sauti ya kusikika, akakiinua mpaka mdomoni, na hapo mkono ukasimama.

Harufu ilikuwa imemfikia. Alikitazama kikombe ndani. Rukaya aliinama akanusa, akavuta ncha ya mtandio akafunika pua, akamwambia kaka yake kwa sauti ndogo kwamba huo ni ulanzi. Ilikuwa sauti ndogo, lakini ukumbi ulikuwa kimya ukimngojea Safina, na kila mtu alisikia.

Dorosela aliliona jambo lote kwa mara moja, kuanzia pale bondeni. Alilisikia sasa lile swali ambalo hakulisikia siku ile. Angeweza kusema nini? Kusema usinywe, Baba Safina, ni kumwambia mtoto mbele ya watu kwamba amembebea baba yake haramu, na kwamba yeye mwenyewe amekuwa akiinywa muhula mzima. Kusema kunywa tu, ni mtamu, ni kumwomba Mwislamu anywe pombe ili mchezo uendelee. Alisimama na filimbi yake mkononi, mwanamke ambaye maisha yake yote alikuwa na neno la kumwambia kila mtu, na neno halikuwapo.

Halfan hakumwaga kikombe, wala hakununa. Alikiweka chini kando ya kiti, polepole, akamtazama binti yake akatabasamu tena kwa nguvu.

“Sema, mama,” alimwambia. “Nakusikiliza.”

Safina alikuwa amenyoosha mikono akingoja kikombe. Alikitazama pale chini. Kilikuwa kimejaa. Hakujua kwa nini baba yake hakunywa, na mikono yake mitupu haikujua ishuke au ibaki. Alifumbua mdomo. Shingo ikakaza, mishipa ikasimama, sauti ikagonga palepale pa siku zote, ba, ba, ba, na haikupita. Halfan aliona alichokosea, akainama haraka akakiokota kile kikombe amrudishie hivyo hivyo kikiwa kimejaa. Kilimwagika kwenye kanzu yake, na mtoto akarudi nyuma hatua moja kwa hofu.

Watoto wa darasa la tatu walikuwa watoto wema. Remmy, kwa sauti yake ya kiutu uzima, akaanza ule ubeti, nimekata ncha alfajiri, na wenzake wote wakaupokea wakausema kwa pamoja mpaka mwisho ili kumsaidia mwenzao. Safina peke yake ndiye aliyenyamaza. Watu wakapiga makofi kwa nguvu, na mwenyekiti wa bodi akainuka kusifu ushirikiano wa watoto.

Baada ya shughuli Dorosela alipenya kati ya watu mpaka akamfikia Halfan penye gari. Jambo la kwanza lililomtoka ni kwamba asubuhi ulikuwa mtamu. Alijisikia akilisema na akatamani kuumeza ulimi wake. Halfan alimjibu kwa heshima kwamba watazungumza siku nyingine, akamfungulia mtoto mlango. Safina alikaa nyuma ametazama magoti yake. Kanzu ya baba ilikuwa na doa linalonuka, na mtu yule alikuwa na safari ya mpaka Makambako akiwa nalo mwilini.

Wazazi wa Njombe walilizungumza siku mbili tatu wakaliacha. Walisema jamaa ana dini kali, au kwamba Rukaya angenyamaza, au kwamba kosa ni la mgeni rasmi. Wote walimtetea Dorosela, na kila aliyemtetea alimwongezea uchungu, maana walikuwa wakimtetea kwa kusema kwamba mtogwa si pombe.

Likizo ilikuwa haijafika nusu alipokwenda Makambako. Upepo wa pale haumwonei mtu haya. Ulimpokea stendi ukampeleka na vumbi lake mpaka mtaa wa nyuma ya yadi za malori, ambapo mafundi walikuwa uvunguni mwa magari wakigonga vyuma. Hajira alimkaribisha vizuri kuliko alivyostahili. Alimwekea chai ya maziwa na vitumbua, akamuulizia ndugu zake wa Kifanya, kisha akambeba mtoto mchanga akaenda jikoni. Halfan alikuja akaketi mbele yake. Dorosela akaomba msamaha kwa maneno aliyoyapanga njia nzima, na Halfan akaupokea kabla hayajaisha.

“Nina swali moja tu, mwalimu,” akasema. “Safina aliwahi kukuuliza kama ile ni pombe?”

Dorosela angeweza kusema hapana. Hakuna aliyeandika popote, wala hakuna ambaye angemsaliti.

“Aliniuliza. Nikamwambia si pombe.”

“Na wewe uliamini hivyo?”

“Niliamini, Baba Safina. Kwetu tunavyojua, si pombe.”

Halfan aliitikia kwa kichwa. Nje lori liliwashwa, likanguruma, likazimwa.

“Ndiyo maana sina hasira na wewe,” akasema. “Ungekuwa umemdanganya ningegombana nawe, tungemaliza, pengine ningemrudisha. Wewe hukumdanganya. Alikuuliza kitu cha dini yake, ukamjibu ya kwenu, naye akaamini kwa sababu anakupenda. Kesho atakuuliza kingine. Nitamwachaje?”

Dorosela alitafuta jibu, mnamjua, alilitafuta pande zote, akakuta kila analotaka kusema ni ahadi ya kujua asiyoyajua. Aliuliza tu kama Safina ameambiwa.

Halfan akasema hajaambiwa na hataambiwa mpaka akue. Ni mtoto, hana dhambi, na hataki ajisikie anayo. Wamemwambia kwamba siku ile tumbo lilikuwa linamuuma baba. Akamwomba Dorosela, kama kweli amekuja kutaka radhi, alifunge jambo hilo hapo hapo.

“Lakini atadhani anahamishwa kwa kuwa hakusema,” Dorosela akamwambia. “Anayajua masharti yako. Atabeba kwamba ni ulimi wake.”

“Najua.” Halfan aliikunja mikono yake, mikono mikubwa ya mtu aliyefunga maturubai ujana wake wote. “Kigugumizi amekwisha kukizoea, mwalimu. Hilo jingine hajalizoea.”

Dorosela alitaka kupiga meza. Alitaka kumwambia kwamba hakizoeleki, kwamba amemwona mtoto huyo akizaliwa upya kwa kifuko cha maharage, kwamba baba mwenye akili hawezi kumtibu mwanawe kidonda kimoja kwa kumchimbulia kingine. Ila ni nani aliyekuwa amemchimbulia? Akasema sawa. Akaapa kwa Mungu kwamba hatasema, na Halfan akamshukuru.

Safina alikuwa akingoja uani, amevaa sketi ya shule ingawa ilikuwa likizo. Aliomba ruhusa ya kumsindikiza mwalimu mpaka barabarani, akapewa. Alimshika Dorosela mkono wakatembea kando ya magunia ya viazi yaliyopangwa kusubiri kupakiwa. Walipofika pembeni ya lami akasimama.

“Mwalimu, nimejizoeza kila siku,” akasema. “Asubuhi na jioni. Niulize chochote.”

Dorosela alimtazama. Mkono mmoja wa mtoto ulikuwa ndani ya wake, mwingine ulikuwa mtupu, na maneno yalikuwa yametoka yote.

“Niulize, mwalimu. Niulize kama mbele ya watu.”

Nyuma yao, kwenye mlango wa ua, Halfan alikuwa amesimama. Dorosela akatafuta swali jepesi, swali lolote, kwa sababu sauti yake mwenyewe ilikuwa inakwama.

“Haya. Mwezi wa saba shule zikifunguliwa, unakwenda darasa gani?”

Safina alivuta pumzi. Hakukaza shingo wala kutoa macho. “Nakwenda darasa la tatu, Njombe, kwa Mwalimu Dorosela,” akasema, kila neno mahali pake, kwa sauti ya kufika mpaka kwenye ule mlango. “Nimejibu sawa?”

Magari yalipita. Dorosela aliinama akamfunga kifungo cha sweta kilichokuwa kimefungwa tayari.

“Sawa kabisa,” akamwambia.

Safina akauachia mkono wake, akageuka, akakimbia kuelekea kwa baba yake kumwambia kwamba mwalimu amesema amejibu sawa.